Hizi shingo za magitaa, jamani!

Ni mimi tu au? Jumamosi nimezunguka Kariakoo nzima natafuta gitaa kavu (lisilo la umeme) ambalo shingo yake inashikika. La kwanza ni la nyuzi za nailoni: shingo upana milimita 52 pale juu, bapa kama kibao cha chapati, na mimi na vidole vyangu hivi vifupi! La pili milimita 43, nikasema hili sasa. Wapi! Nyuzi za chuma zimenyanyuka utadhani kamba za kuanikia nguo. Kubana kodi (chord) ya F, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita, mara moja tu, kidole cha shahada kikatoka na mistari sita. Muuzaji: "Utazoea tu, kaka." Nizoee nini, na vanishi yenyewe inanata ukitoka jasho? Na laki tatu na nusu yake hashushi hata mia.