Njia za Msituni Usambara Waachiwe Waenda kwa Miguu na Baiskeli

Panapotajwa barabara Lushoto, kilio ni kimoja: lami. Na mimi nalia na wenzangu. Mama mjamzito wa Mtae anayeteremshwa hospitali wakati wa masika, gari linazama kwenye tope kila kona, hana muda wa kusikiliza mtu wa baiskeli akisifia vumbi. Lakini milima hii ya Usambara Magharibi ina njia za aina mbili, nasi tunazijumlisha pamoja tunapodai na tunapopanga. Hapo ndipo tunapoharibu.

Aina ya kwanza ni barabara za kazi. Mombo hadi Soni na Lushoto, kisha Magamba, Lukozi, Malindi, mpaka Mtae kule ukingoni, unakoitazama tambarare ya Mkomazi chini yako. Huku ndiko yanakopita mafuso ya kabichi, viazi na karoti, mabasi ya alfajiri na bodaboda. Hizo zitengenezwe, zipanuliwe, zijengewe kingo.

Aina ya pili ni njia za msituni na za pembeni mwa msitu, hasa Magamba na upande wa Shume. Nyingi zilichongwa kwa ajili ya mbao. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani waliufunga waya mzito kutoka Shume, walikopaita Neu-Hornow, wakawa wanateremsha mierezi kwa nyaya hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Uvunaji uliendelea miaka mingi baada yao, na magogo yalihitaji njia ya kutoka porini. Leo Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, msumeno umenyamaza, njia zimebaki.

Mtu wa baiskeli anazielewa njia hizi kwa miguu yake. Njia ya magogo haipandi mlima kichwakichwa. Inauzunguka, inafuata mkunjo wa bonde, inapanda kidogokidogo, kwa sababu mzigo mzito usingeshuka salama kwenye mteremko mkali. Ndiyo maana mahali ambapo ramani inaonyesha milima mitupu, unaweza kunyonga mwendo mrefu bila kushuka, gia nyepesi, pumzi ikiwa mahali pake. Juu kuna mbega wanaruka, na kivuli hakikatiki. Gari huwezi kulisikia.

Chini ya tairi nako kuna mengi. Kiangazi, kuanzia Juni, katikati ya njia huwa na changarawe iliyolegea, na pembeni kuna ukanda mwembamba ulioshindiliwa na miguu ya watu. Baiskeli inafuata ukanda huo. Upepo wa tairi unapunguzwa mpaka ukibonyeza kwa dole gumba linabonyea kidogo. Likijaa sana linarukaruka juu ya kokoto na breki ya nyuma inateleza. Mvua zikianza hadithi ni nyingine kabisa. Udongo mwekundu unajibana kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na dawa ni kijiti cha kukwangulia na subira. Ukiona mtaro wa zamani uliochimbwa kukatiza njia bado unatoa maji, njia hiyo ni nzima. Mtaro ukiziba, msimu mmoja tu wa mvua unatosha kuugeuza mteremko kuwa korongo.

Linganisha na kupanda kwa lami kutoka Mombo kwenda Soni. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, kona hazionekani mbele. Fuso likikupita hapo unausikia upepo wake begani, na huna pa kukimbilia. Ninawajua vijana wenye mapafu na miguu ya kufika mbali ambao mama zao waliwakataza baiskeli kwa sababu ya kipande hicho. Siwalaumu akina mama hao hata kidogo.

Tukisema njia bila magari, wengi wanafikiri ni mambo ya watalii. Watalii wapo, wanakuja na baiskeli zao za bei ya shamba, na waje. Ila anayepita humo kila siku ni mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia la viazi kwenye karia, ni mwanafunzi anayekata njia kwenda shule, ni bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani. Hawa ndio wenye haki ya kwanza, na wao ndio wanaorukia kwenye majani pikipiki inapokuja kwa kasi kwenye njia ya upana wa mita mbili.

Bodaboda najua ni ajira na ni gari la wagonjwa la vijijini. Kwa hiyo sidai zifungiwe barabara ya kijiji chochote. Nadai zifungiwe njia za msituni tu, zile ambazo kijiji hakizitegemei kufika zahanati wala sokoni. Kijiji chenyewe kikae kwenye mkutano mkuu kizitaje moja moja, asije mtu wa mjini na ramani yake akawachagulia.

Rwanda wametangulia kwenye hili. Njia yao ya Congo Nile ina kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Ziwa Kivu, milima juu, milima chini. Ina jina, ina ramani, na mtu anajua atalala wapi. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi tuna Usambara, tuna ubaridi wa Juni na Julai, na kwenye njia panda nyingi za msituni hutaona hata kibao cha mbao.

Ninachotaka hakihitaji fedha nyingi. TFS na halmashauri wakae na vijiji waorodheshe njia hizo na kuzipa majina ambayo Wasambaa wenyewe wanayatumia. Mitaro izibuliwe kabla ya Machi, na kazi hiyo wapewe vijana wa hapohapo kwa malipo. Kila mlango wa njia uchimbiwe vigingi viwili, nafasi kati yao itoshe baiskeli yenye gunia kwenye karia, gari lisipite, na kibao kiandikwe wazi kwamba pikipiki haziruhusiwi. Fedha ya viingilio, sehemu yake irudi kijijini na hesabu ibandikwe ofisi ya kijiji. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao wanapopanga bajeti ya barabara za wilaya waziache njia hizi zisishindiliwe wala kupanuliwa. Greda wapeleke Mlalo na Mtae, kwenye watu wanaolisubiri.