Meno ya Sabretooth Huota Tena, na Hapo Ndipo Penye Tatizo

Wanaomfuatilia Victor Creed, yule adui wa Wolverine katika katuni za X-Men tunayemjua zaidi kwa jina la Sabretooth, wamegawanyika juu ya chumba kimoja tu: chumba cha chini ya nyumba ambamo baba yake alimfunga mnyororo akiwa mtoto. Wapo wanaosema chumba kile kingefutwa kwenye hadithi, maana kinamwombea muuaji huruma ambayo yeye hakumpa mtu yeyote. Wapo wanaosema ukikifuta hutabaki na Sabretooth, utabaki na kucha na manyoya. Naona hawa wa pili wanaeleweka vibaya, hasa hapa kwetu Uganda, ingawa wa kwanza nao wana hoja nzito, na moja kati ya hizo sijaweza kuijibu.

Wengi wetu tulikutana na Sabretooth kwenye vibanda vya video, filamu za X-Men zikitafsiriwa kwa Kiluganda na ma-VJ. Tulimwona akiwa jitu linalonguruma katika filamu ya 2000, kisha akiwa ndugu wa Wolverine katika ile ya 2009. Chumba cha chini hakimo humo. Mwaka 2024 alirudi kwenye filamu kwa dakika chache, akakatwa kichwa, basi. Ni rahisi kushangilia kichwa kile kikianguka, kwa sababu filamu hazikutupa chochote kingine cha kukishika.

Kwenye kurasa za katuni mambo ni tofauti. Chris Claremont na John Byrne walimtoa kwanza mwaka 1977, akiwa mwuaji tu asiye na jana. Baadaye ndipo akafanywa mtu anayeua kwa raha, anayemwinda Wolverine katika siku yake ya kuzaliwa ili amharibie, na ambaye mwili wake hujiponya wenyewe: risasi hutoka, mfupa huunga, nyama hujifunga. Kisha mwaka 1993, katika mfululizo mfupi wa matoleo manne, tukaonyeshwa utoto wake. Baba yake, Zebediah Creed, aliona meno ya mwanawe na kuamini kuwa mtoto ana pepo. Akamfunga kwa mnyororo chini ya nyumba kama mnyama, akawa anamng'oa yale meno kwa koleo. Meno yakaota tena. Akayang'oa tena. Mwishowe mtoto akautafuna mkono wake mwenyewe ili atoke kwenye mnyororo.

Wasomaji wengi hulipita jambo hili haraka mno. Wanauona uwezo wa kujiponya kama zawadi, na mateso kama mkosi, mambo mawili yaliyokutana ndani ya mtoto mmoja kwa bahati. Sivyo. Uwezo ule ndio uliomwezesha baba. Mtoto wa kawaida aking'olewa meno hubaki na pengo. Jirani ataliona, shangazi atauliza, na hata baba mwenyewe atafika mahali hana tena cha kung'oa. Kwa Victor hapakuwa na pengo. Kila asubuhi mdomo ulikuwa mzima, na mdomo mzima ulikuwa sababu ya kuanza upya. Mateso hayakuwa na mwisho kwa sababu mwili haukuacha ushahidi. Waandishi walioongeza chumba kile hawakuwa wakimtafutia muuaji udhuru. Waligundua kwamba mtu asiyeumizika ndiye anayeweza kuumizwa bila kikomo, na kwamba hakuna atakayemwamini akisema.

Hapo ndipo hadithi hii ya Wamarekani inapogusa nyumba zetu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2015 na kutolewa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii mwaka 2018, uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 waliyopitia kabla ya kutimiza miaka 18. Asilimia 59 ya wanawake na asilimia 68 ya wanaume walisema walipata ukatili wa kimwili.

Asilimia 68. Nimeisikia namba hii ikitumiwa kupinga chumba cha Sabretooth, tena na watu wenye akili timamu. Wanasema: kama kipigo cha utotoni kingezaa watu wa aina ya Creed, basi theluthi mbili ya vijana wa kiume wa nchi hii wangekuwa wauaji. Hawako hivyo. Wanaendesha boda, wanafundisha, wanauza simu, wanaimba kwaya. Kwa hiyo utoto hauelezi kitu, na kuuchora kama chanzo cha unyama ni kuwapaka matope watu waliopigwa wakabaki watu wema.

Hoja hiyo ina heshima ndani yake na siwezi kuidharau. Aliyenusurika ana haki ya kukataa kutazamwa kama bomu linalosubiri kulipuka. Lakini angalia namba ile ilivyotumika: wanaume hawa wameonekana wazima, basi tumehitimisha kwamba walipona. Wameota meno. Utafiti ulihesabu waliokumbuka na kukubali kusema. Haukuahidi kwamba kidonda kimefunga. Vijana waliohojiwa mwaka ule sasa wanakaribia au wako kwenye miaka ya thelathini, na wengi wao wamekuwa wazazi. Ni nani amewauliza tena? Sisi husema mtoto husahau, mtoto hupona haraka, samaki mkunje angali mbichi, na tunasema hivyo huku fimbo iko mkononi. Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016 ikakataza adhabu ya viboko shuleni, lakini mwalimu akitaka kujitetea bado ataanza na methali hiyo hiyo. Zebediah naye angeielewa vizuri sana.

Namba nyingine hutajwa mara chache, nayo inanipa moyo. Katika wilaya ya Luwero shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye jaribio: nusu zikapewa mpango wa kubadilisha mwenendo wa shule nzima, nusu zikasubiri. Baada ya miezi 18, kwenye shule zilizosubiri karibu nusu ya wanafunzi walisema wafanyakazi wa shule waliwatendea ukatili wa kimwili wiki iliyotangulia. Kwenye zile zenye mpango walikuwa asilimia 31. Bado ni wengi mno. Lakini maana yake ni kwamba mkono unaoshika koleo unaweza kuzuiwa, na hadithi inayotuonyesha mkono huo inafanya kazi ambayo hadithi ya kucha peke yake haiwezi.

Wapinzani wanarudi kwenye kurasa zenyewe, na huko wana nguvu. Toleo la katuni la mwaka 2009 kuhusu chanzo chake linamwonyesha Victor akimuua kaka yake wakiwa wadogo, wakigombania chakula cha siku ya kuzaliwa. Mnyororo ulikuja baadaye. Kwa usomaji huo, baba hakumtengeneza muuaji, alimfungia muuaji. Pia kuna kile kipindi cha miaka ya tisini katika jumba la Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men. Profesa alijaribu kumtibu. Baada ya Wolverine kumchoma ukucha mpaka kwenye ubongo, Creed alionekana kuwa mpole kama mtoto mdogo, na msichana Tabitha Smith, anayeitwa Boomer, akamhurumia, akamlea, akamwamini. Alikuwa akiigiza. Alipotoka nusura amuue Psylocke, mmoja wa X-Men. Ukisoma hayo mfululizo unaelewa kwa nini mtu atasema huruma kwa kiumbe huyu ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Lakini hata hapo, Boomer hakukosea kwa kujua historia yake. Alikosea kwa kudhani kwamba aliyeumizwa hawezi tena kuwa hatari, na watetezi makini wa chumba kile hawakuwahi kusema hivyo. Wanasema alikuwa mtoto, na kwamba sasa ni mwuaji, na hawaoni haja ya kulifuta moja ili lingine lisimame.

Mahakama ilikwishalazimika kuyapima mawili hayo juu ya mtu halisi, mzaliwa wa kwetu. Ongwen si mhusika wa katuni na watu wa Lukodi walioshambuliwa si wahusika wa katuni, kwa hiyo nayaandika haya kwa uangalifu. Dominic Ongwen alitekwa na LRA, kundi la waasi la Joseph Kony, mwaka 1987, akiwa na umri wa takriban miaka 9, akielekea shule. Akakua porini, akapanda hadi kuwa kamanda wa brigedi ya Sinia. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo mashambulizi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mawakili wake walidai alikuwa na ugonjwa wa akili na kwamba alitenda kwa kulazimishwa. Majaji walikataa yote mawili. Kisha Mei mwaka huo walipopanga adhabu, utekaji wake wa utotoni wakauweka kwenye mizani, na badala ya kifungo cha maisha ambacho wawakilishi wa waathirika walikiomba, wakampa miaka 25.

Wapo waliolalamika kwamba ni michache, na kwa aliyezika watoto wake Lukodi sina neno la kumfundisha. Ila majaji hawakuruhusu utoto ufute hatia, wala hatia ifute utoto. Mtoto aliyekuwa akienda shule alitajwa kwenye hukumu ileile iliyomtia hatiani kamanda.

Hoja ambayo sijaweza kuijibu ni ya Silver Fox, mwanamke wa Wolverine ambaye Creed alimshambulia siku ile ya kuzaliwa ya Wolverine. Kwa miaka mingi kazi yake kwenye hadithi ilikuwa kulala sakafuni ili Wolverine apate hasira. Mtesaji ana mama, baba, kaka, chumba, mnyororo. Walioteswa naye wana kurasa mbili na damu. Wasomaji wanaokasirishwa na hilo wako sahihi kabisa, na kosa si la chumba cha Victor kuwepo, ni la vyumba vya wengine kutochorwa. Waandishi wanadaiwa.

Tazama kilichotokea lakini pale wahusika wenyewe walipoamua kwamba historia ya mtu huyu haina maana. Mwaka 2019 wamyutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida kama Creed na Wolverine, walijitengenezea taifa kwenye kisiwa cha Krakoa. Baraza lao likatunga sheria ya kutoua binadamu, na papo hapo likamhukumu Sabretooth kwa mauaji aliyoyafanya kabla sheria haijatangazwa. Adhabu: kushushwa shimoni chini ya kisiwa, awe hai, ajue yuko wapi, asiweze kujongea. Xavier, aliyewahi kujaribu kumtibu, alikuwa mmoja wa walioketi barazani. Hakuna aliyetamka jina la Zebediah. Walimrudisha chini ya nyumba, na kama baba yake walitegemea kwamba mwili ule hautakufa. Alitoka, na mwaka 2024 alirudi kumvamia Wolverine kwenye mojawapo ya hadithi zenye damu nyingi zaidi walizowahi kupigana hao wawili. Baraza lile lilikuwa na wasoma akili wa kutosha. Wangeweza kumfunga mahali pengine popote, wakamlinda kila mtu dhidi yake, bila kulirudia shimo lilelile.