Vidole vyangu chini ya mbavu za mtoto

Binti yangu alizaliwa Bruxelles. Kabla hatujatoka wodini walimtoboa kisigino, wakachukua tone la damu. Wiki chache baadaye tukaitwa: mtoto ni SS, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Watanzania huuita selimundu. Nililia, kisha nikashikwa na hasira, kwa kuwa nilimkumbuka mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, kule Katuba, Lubumbashi. Yule alitibiwa malaria, akatibiwa baridi yabisi, mikono na miguu ikivimba, na nyumbani watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Alipimwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, ameshaongezewa damu mara mbili.

Bruxelles wanawapima watoto wachanga ugonjwa huu tangu 1994. Na Kongo ni kati ya nchi tatu zinazozaliwa watoto wengi zaidi wa SS duniani, pamoja na Nigeria na India!

Watu wakisikia hospitali ya watoto ya Ulaya huwaza mashine. Zipo; kila mwaka binti yangu hupimwa mwendo wa damu kichwani, ijulikane mapema kama kiharusi kinamnyemelea. Lakini aliyenifaa kuliko mashine ni muuguzi mmoja. Alinishika mkono, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akabonyeza vidole vyangu polepole. "Bandama iko hapa. Ukiikuta imeshuka, usingoje kuche." Bandama ya mtoto wa SS huweza kumeza damu ghafla, na mtoto akafa kwa saa chache. Mwezi uliofuata alinirudisha tena pale pale, mpaka akaridhika kwamba nimejua.

Jioni ile nilimpigia yaya kwa video. Akamlaza mwanawe mkekani, nikamwongoza kidole kwa kidole.

Lubumbashi ina chuo kikuu tangu miaka ya 1950, na madaktari wetu wana akili. Rafiki yangu wa sekondari anasomea utaalamu wa watoto huko: usiku yuko wodini, mchana anatibu kwenye kliniki ya mtu ili alipe nyumba. Huku anayesomea utaalamu hulipwa mshahara, na bingwa yuko karibu akimwangalia mikono. Utamlaumu vipi rafiki yangu akikosa muda wa kumfundisha mama mmoja kupapasa bandama?

Upweke wa huku ni kweli; nililala na mtoto hospitalini siku sita, hakuna shangazi, hakuna sufuria ya bukari. Ila shangazi hapimi damu. Wauguzi wa vituo vya Katuba wafundishwe, akina mama waonyeshwe siku ya chanjo, penisilini ya kila siku ipatikane mpaka mtoto afikishe miaka mitano.

Juzi yaya ameniambia jirani alimbishia hodi saa tano usiku, mtoto mgongoni, amshikie bandama. Yaya anauza ndagala sokoni. Alichojua ni kile nilichomwonyesha kwenye simu.