Vidonda vya kitandani ICU: somo lihamie kando ya kitanda

Mafunzo mengi ya kuzuia vidonda vya kitandani, yaani vidonda vinavyotokana na ngozi kukandamizwa kwa muda mrefu, kwa wagonjwa mahututi walio ICU (wodi ya uangalizi maalumu) hufanyika ukumbini: wauguzi hutazama picha za madaraja manne ya kidonda, hujibu maswali kabla na baada ya somo, na alama zikipanda, mafunzo huhesabiwa kuwa yamefaulu. Kwa maoni yangu, alama hizo hupima kumbukumbu tu. Somo hili lifundishwe kando ya kitanda, mkono wa mwanafunzi ukiwa juu ya ngozi ya mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa siku moja uliofanywa mwaka 2018 katika nchi 90, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 13,000 wa ICU, ulibaini kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 4 alikuwa na kidonda cha aina hii, na wengi wao walikipata wakiwa humo humo ICU. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kulalamika wala kujigeuza, huku dawa za kupandisha shinikizo la damu zikibana mishipa midogo na kuinyima ngozi damu. Ndiyo maana kipimo cha Braden, fomu ya alama za kukadiria hatari ya vidonda hivi inayotumika tangu miaka ya 1980, huwaonyesha karibu wagonjwa wote wa ICU kuwa wamo hatarini, na kukijaza kila zamu hugeuka kuwa desturi ya karatasi ikiwa hakuna kinachobadilika kitandani.

Ugumu huanzia kwenye kutambua. Mwanafunzi huambiwa kuwa dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. Muuguzi anapaswa kutumia mwanga wa kutosha, kuangalia kama sehemu hiyo imekoza au ina uzambarau, kisha kuipapasa na kuilinganisha na ngozi ya jirani: je, ina joto zaidi au ni baridi, ni ngumu au inabonyea, imevimba? Picha za ukumbini, ambazo nyingi ni za ngozi nyeupe, haziwezi kumfundisha mtu jambo la namna hiyo.

Vivyo hivyo kwa vifaa. Mrija wa kupumulia hukandamiza pembe ya mdomo, mrija wa kulishia hukandamiza tundu la pua, na kamba za barakoa ya oksijeni huchimba nyuma ya masikio, mahali ambapo hapaonekani hadi mtu ainue kamba.

Kuna pia mambo yanayogongana, na hapa ndipo mwalimu mwenye uzoefu anapohitajika. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia huinuliwa kichwa kwa nyuzi 30 au zaidi ili kupunguza hatari ya nimonia, lakini mwili unapoteleza kuelekea miguuni, ngozi hung'ang'ania shuka huku mifupa ikishuka, na nyama zilizo juu ya makalio huvutika na kuumia kwa ndani. Kuinua magoti kidogo kabla ya kichwa hupunguza mtelezo huo. Mto nao huwekwa chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino, ili kisigino kisiguse godoro. Na desturi ya kukanda sehemu iliyobadilika rangi iachwe, kwani huiumiza zaidi.

Uongozi usilitumie somo kama kisingizio, hata hivyo. Kumgeuza mgonjwa mwenye mrija kooni huhitaji wauguzi wawili au zaidi, mmoja akiushika mrija, na yule aliyeachwa peke yake na wagonjwa watatu hatamgeuza kwa wakati hata akiwa amepata alama zote za mtihani. Kwa hiyo ripoti ya mafunzo ingefaa kuonyesha idadi ya vidonda vipya na idadi ya wauguzi waliokuwa zamu, katika ukurasa mmoja.