Msiniulize orijino iko wapi

Jumamosi mbili zilizopita, kwenye maonyesho yetu ya wanafunzi, kaka mmoja alisimama muda mrefu mbele ya chapa yangu, picha ya kanga niliyoichonga kwenye ubao nikaichapa kwenye karatasi. Akasogea, akarudi nyuma, akainama kuangalia pindo. Moyoni nikasema huyu ananunua. Akaniita.

"Dada, kazi hii nimeipenda kweli. Sasa orijino iko wapi?"

Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaninyooshea kidole pale chini kushoto, nilipoandika kwa penseli 4/15. "Si umeandika mwenyewe kwamba hii ni ya nne? Elfu themanini kwa fotokopi, dada?" Akaondoka, akaenda kununua mchoro wa rangi wa mwenzangu ukuta wa pili.

Aliyeuza mchoro ule ni rafiki yangu na kazi yake ni nzuri, Mungu amzidishie. Ila neno fotokopi limenikaa kooni hadi leo, kwa sababu si yeye tu. Shangazi kaniuliza hivyo hivyo, jirani kaniuliza, hata mwanafunzi wa sanaa mwenzangu, anayejua, kaniuliza.

Basi niseme ndani ya 4/15 kuna nini.

Lino, ile shiti laini ya kuchongea, hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi, na ukiipata bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Mimi nachonga raba ya soli, ile wanayonunua mafundi viatu Kariakoo, na siku nyingine plaiwudi. Kunoa bobari, ile patasi ya kuchongea, nilifundishwa na mzee mmoja mchonga vinyago pale Mwenge. Alinikalisha asubuhi nzima na kinoo, mpaka vidole vikawa vyeusi. "Mwanangu," aliniambia, "bobari butu haichongi, inachana." Mashine ya kuchapia tuliyonayo ni moja na foleni yake ni ndefu, kwa hiyo nachapa chumbani kwangu: wino nautandaza kwenye kioo, nautembeza na rola, nalaza karatasi juu ya raba, halafu nasugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao mpaka bega liume. Ilikuwa masika. Unyevunyevu ule mnaujua. Chapa zilining'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo siku sita ndipo wino ukakauka.

Nilitumia karatasi 22. Saba nikazichana, maana wino ulikuwa mzito kwenye mji au karatasi ilicheza kidogo. Zilizobaki 15 nikazitia namba na sahihi, kisha nikachukua bobari nikakwangua ubao, yaani ile raba niliyoichonga, kutoka kona hadi kona, ili isichapwe ya 16 hata na mimi mwenyewe. Fotokopi gani hiyo?

Na huo ubao ndio ambao watu wengi wanadhani ni orijino. Kazi yenyewe ni kanga ya mama yangu, yenye jina "Wema hauozi". Maneno hayo ilibidi niyachonge kinyume, herufi moja baada ya nyingine, kutoka kulia kwenda kushoto, kioo kikiwa pembeni cha kuhakikishia. Ukiushika ubao wangu huwezi kuusoma. Umegeuka wote. Jina la kanga ile lilisomeka kwa mara ya kwanza pale nilipoibandua karatasi ya kwanza kwa ncha za vidole. Kabla ya hapo kazi haikuwepo popote, si kwenye daftari, si kwenye raba. Ilizaliwa kwenye karatasi, ikazaliwa mara 15, na zote ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mkubwa anayemwazima mdogo uso.

Nilipoanza kusoma historia ya uchapaji nilikuwa natafuta tu wa kunitetea. Nikamkuta Hokusai wa Japani. Ile chapa yake ya wimbi kubwa la bahari, ya mwaka 1831 hivi, dunia nzima inaijua. Haya, nendeni mkatafute orijino. Uchapaji wa Japani wa zama zile ulikuwa hivi: karatasi aliyochora msanii ilibandikwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji akachonga akipita humo humo kwenye karatasi. Mchoro uliisha ubao ulipozaliwa. Makumbusho makubwa yanayojivunia wimbi lile yana chapa, na hakuna anayeziita fotokopi. Albrecht Dürer naye, Ujerumani, miaka 300 kabla, alipata jina Ulaya nzima kwa chapa. Mkewe Agnes alikuwa akizipeleka sokoni kuziuza.

Lakini kwa nini niende hadi Japani? Dar hii hii, Sista Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, mwaka 1972, na vijana waliopita pale walifundishwa kuchora kwenye bamba la metali, asidi ikala mistari, wino ukaingia, karatasi ikabanwa juu yake. George Lilanga, ambaye leo kila mtu anamjua kwa zile rangi zake kali, aliingia pale kama mlinzi, na chapa za bamba alizitengeneza pia. Chapa ya Nyumba ya Sanaa niliyowahi kuigusa kwa mkono wangu ni moja tu. Mama wa mwanafunzi mwenzangu, Upanga, aliitoa nyuma ya kabati ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Nilipitisha kidole pembeni nikasikia bonde, pale bamba lilipoididimiza karatasi. Picha ya kwenye simu haina bonde hilo. Mwanafunzi wa uchapaji wa jiji hili alipaswa kuligusa mwaka wa kwanza, mahali pa wazi, siyo nyuma ya kabati la mtu kwa kubahatisha.

Sawa, nakubali wapo wanaochapa picha kwa kompyuta, wakaandika namba chini, wakauzia wageni kama kazi ya mkono. Hao wametuharibia, na mnunuzi ana haki ya kuuliza. Aulize basi imechapwaje, nitamwonyesha bobari, kijiko na ubao uliokwanguliwa.

Na neno "nakala" nalo tuliache. Tumelizoea ofisini, vyeti na vitambulisho, tukalileta kwenye sanaa likatuponza. Chapa ni chapa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi, watu wa pwani, jambo hili tunalijua kuliko wengi. Kanga za mwanzo huku kwetu zilipigwa mihuri ya mbao kwa mkono. Baadaye zikaja za viwandani, hadi kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipofunguliwa pale Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kanga moja hutoka kwa maelfu, pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile. Nani kati yenu aliwahi kusimama dukani Kariakoo akauliza orijino iko wapi? Kanga iliyokubeba mgongoni ndiyo kanga. Ile mama aliyojifunga siku ya msiba wa bibi ndiyo kanga, hata kama barabarani alipishana na wanawake watatu wameivaa hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuona imepungua kwa sababu jirani anayo. Kinyume chake, mkikutana mmevaa sare mnafurahi.

Jumapili ile nilimpelekea mama chapa moja, 7/15, nikiwa bado nimenuna. Akavaa miwani, akalisoma jina taratibu kwa sauti, akaigeuza kuangalia nyuma, akairudisha mbele. Kisha akanitazama kama nimesahau jambo.

"Mbona umeniletea moja, mwanangu? Kanga ni doti."

Nikarudi kuchukua 8/15.