Vijana wa mawe wamesahauliwa
Ndugu mwandishi, asante kwa makala, ila hapo uliposema ukumbi wa wazi wa Mlima Tamalpais, California, ulijengwa mwaka 1913, hapana. Mwaka huo lilichezwa igizo la kwanza tu, watazamaji wamejikalia zao mteremkoni. Viti vya mawe ni vya miaka ya 1930, kazi ya vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira, enzi za Rais Roosevelt, ajira zilipoadimika. Na kazi waliifanya kweli! Jiwe zito namna ile, halafu sehemu kubwa wanaifukia ardhini, unabaki uso wa kukalia. Leo wanaenea watu kama 4,000. Hao vijana ndio wangepewa aya mbili kwenye makala yako, si habari za maegesho ya magari. Mnaokwenda, bebeni mto wa kukalia na kofia.