Nimefika Tabata Bila Kuondoka Moshi

Mambo yote haya yaliletwa na kifungo. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 52, na kwa karibu miaka thelathini nimepima viuno vya watu wa Moshi na kuwaambia kwa adabu kwamba suruali inabana kwa sababu kitambaa kimerudi baada ya kufuliwa. Kwa hiyo siku kifungo cha suruali yangu kilipofyatuka kwenye sendofu ya binti wa jirani, nikiwa nimesimama kwenye mstari wa kupongeza, kikaruka mbele ya macho ya kamati nzima na kutua karibu kabisa na ndafu, sikuwa na la kusema. Mke wangu ndiye aliyekuwa nalo. Aliniuliza, mbele ya mashemeji, kama na mimi kitambaa changu kimerudi.

Wiki iliyofuata alirudi nyumbani na karatasi aliyoibandua kwenye nguzo ya umeme karibu na soko la Mbuyuni. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: TABATA, DAKIKA 45, CHOMA MAFUTA, KARIBUNI WOTE. Nilifurahi kwa dhati. Tabata ninaifahamu, kwa maana dada yangu anakaa Tabata Kimanga, na safari ya kumtembelea huko Dar es Salaam hunila siku nzima kwenye basi pamoja na kuvimba miguu. Nikadhani ni kampuni mpya ya usafiri, na hayo mafuta nikayachukulia kuwa ni dizeli. Kilichonishangaza ni hizo dakika 45, nikawa najiuliza ni barabara gani hiyo wamepita.

Nilikuja kuelezwa baadaye, nikiwa nimeshalipa ada ya miezi mitatu kwa mpigo kwa sababu ya punguzo, kwamba Tabata hii imetoka Japani. Mtafiti aitwaye Izumi Tabata alichapisha mwaka 1996 matokeo ya mazoezi ambayo kocha Koichi Irisawa alikuwa akiwapa wachezaji wa Japani wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Vijana wanamichezo walikanyaga baiskeli isiyokwenda popote kwa sekunde 20, kwa nguvu zao zote, wakapumzika sekunde 10, wakarudia hivyo mara saba au nane hadi wakaishiwa nguvu kabisa. Ukijumlisha hayo yote hupati zaidi ya dakika 4. Sasa mimi kukanyaga kitu kisichokwenda popote ni kazi yangu ya kila siku, na barafu pekee ninayoifahamu iko juu ya Mlima Kilimanjaro, nayo imekuwa ikipungua tangu nikiwa mtoto. Lakini hata nikiyasamehe hayo, bado nabaki na hesabu. Mtu akiniletea kitambaa cha suruali moja akataka nimtolee suruali kumi na moja, mimi humwonyesha mlango. Ukumbini kwetu dakika 4 zilikuwa zimevutwa hadi zikawa 45, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wenye sakafu ya saruji na madirisha yaliyofungwa kwa sababu majirani walikuwa wamelalamikia muziki. Ilikuwa Januari, na mtu anayeijua Moshi ya Januari hahitaji maelezo ya ziada. Tulikuwa kama thelathini. Kocha, kijana mwenye shingo pana kuliko kiuno cha wateja wangu wengi, alinipokea kwa heshima zote, akaniita meku, yaani mzee kwa Kichaga, akaniuliza jambo moja tu: kama nitalipa taslimu au kwa simu. Presha hakuuliza. Sukari hakuuliza, wala magoti, wala mara ya mwisho nilikimbia lini, swali ambalo ningelijibu kwa urahisi, kwa kuwa ilikuwa mwaka niliofukuzwa na mbwa huko Rau. Hapo ndipo roho ya ufundi iliponiuma. Mwanafunzi wangu wa cherehani akikata kitambaa kabla ya kupima namrudisha kwao, na huyu alikuwa anakaribia kuwakata watu thelathini kwa mkasi mmoja, akiwemo bibi mmoja wa Kiborloni na kijana mchezaji wa mpira wa miguu, wote kwa kipimo cha yule mchezaji.

Tukaanza bila kupasha mwili moto, kwa sababu wengine walikuwa wamechelewa na muda ulikuwa umekwenda. Zoezi la kwanza lilikuwa la kuchuchumaa na kuruka mbele kwa kurudia. Kocha alilitaja kwa jina la kigeni, lakini nilipolitazama vizuri nililitambua mara moja: kilikuwa kichura, kile kile nilichorushwa shule ya msingi kwa kuchelewa namba, tofauti ikiwa kwamba mwalimu wangu alinipa bure na sasa nalipa shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Likafuata lile wanaloliita bapi, ambalo mtu hujitupa chini, hupiga pushapu, huinuka na kuruka juu akipiga makofi, sijui anampongeza nani. Nimesoma kwamba lilibuniwa na Mmarekani, Royal Burpee, miaka ya 1930, na kwamba nia yake ilikuwa kupima afya tu: mtu alifanye mara nne, kisha asikilizwe mapigo ya moyo. Kwa maneno mengine yule bwana alitengeneza tepu ya kupimia, na hawa wameichukua wakaishona suruali. Sisi tulifanya bapi hadi nikapoteza hesabu, na mimi ni mtu ninayehesabu nyuzi.

Mtu atauliza kwa nini sikusimama. Swali hilo huulizwa na asiyewahi kuwekwa katikati ya umati wenye muziki. Peke yangu ningekaa chini dakika ya tatu, nikaomba maji na kusoma gazeti. Lakini kushoto kwangu alikuwapo mama anayetuuzia mtori pale nyuma ya kibanda changu, mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kumenya ndizi na kubeba madumu ya maji, ambaye alikuwa akiruka kana kwamba ametumwa. Nina deni lake la bakuli sita. Ningewezaje kusimama mbele yake? Kila nilipopunguza mwendo kocha alipaza sauti, “Meku, usituangushe!” na watu ishirini na tisa wakageuka kuangalia kama meku ameanguka. Nyota nilianza kuziona mapema, na kichefuchefu kilinishika baadaye kidogo. Ukutani palikuwa na bango linalosema mapigo ya juu ya moyo ni 220 ukitoa umri, yaani mimi ni 168, hesabu ambayo ni ya wastani na inaweza kumkosa mtu mmoja mmoja kwa mapigo kumi na zaidi. Nilijishika shingoni nikajaribu kuhesabu, lakini moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani iliyokatika mkanda.

Siku hiyo nililala kama shujaa. Maumivu ya misuli, ambayo hupenda kufika kileleni siku ya pili au ya tatu, yalinikuta keshokutwa yake asubuhi, na yalinikutia mahali pabaya. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Sina nia ya kumchosha msomaji kwa undani, ila aelewe kwamba kushuka nilishuka, kwa kuwa uzito wenyewe ulinisaidia, lakini kupanda kulihitaji kikao. Nilikaa humo muda wa kutosha kusikia taarifa ya habari yote ikisomwa kwenye redio ya mpangaji. Mwishowe nilimwita mke wangu, naye akamwita kijana wa bodaboda, na heshima niliyoijenga mtaani kwa miaka ishirini ikatolewa chooni kwa kushikwa makwapani.

Kilichonitia hofu ni mkojo, ambao niliuona mweusi-mweusi kuliko kawaida. Nikautia kwenye chupa ndogo ninayowekea vifungo, baada ya kuiosha, nikaenda hospitali. Daktari alinieleza kwamba misuli inayolazimishwa ghafla kupita uwezo wake huweza kuvunjika, na protini yake iitwayo mayoglobini ikaingia kwenye damu na kuumiza figo. Hali hiyo huitwa rabdomayolisisi, na dalili zake ni maumivu makali, kuvimba, misuli kukosa nguvu na mkojo wenye rangi ya chai kavu iliyokolea. Alisema huwapata hata vijana wenye afya, hasa wanaoanza au wanaorejea baada ya kukaa muda mrefu, wakifanya kwa pupa, kwenye joto, bila maji ya kutosha. Nilimwambia sisi tulikuwa navyo vyote hivyo, na muziki juu yake. Walipima damu, wakaona figo ni salama na kwamba mimi nilikuwa nimekaukiwa maji tu. Presha ndiyo iliyokuwa juu, jambo ambalo lingejulikana kabla ya kichura kama mtu angepima.

Daktari hakuyakataa mazoezi, wala mimi siyakatai, maana hata yale ya nguvu huongeza pumzi kweli kweli kwa aliyeyafikia taratibu na akapewa siku za kupumzika. Alinitajia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, ambao unamtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Nikamuuliza wastani ni upi. Akasema ni pale unapoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa kuwa mimi huimba besi kwayani, na mwalimu wa kwaya amesema mara nyingi kwamba siwezi kuimba hata nikiwa nimekaa, nimejihesabu kuwa niko mazoezini wakati wote.

Ajabu ni kwamba jambo hili lilipaswa kujulikana Moshi kuliko mji mwingine wowote duniani. Shemeji yangu ni mgumu, yaani mpagazi, hubeba mizigo ya watalii mlimani, na kazi kubwa ya waongoza watalii anaofuatana nao ni kuwaambia wageni “pole pole” kuanzia getini hadi mita 5,895. Watu wanatoka Marekani na Uingereza, wanalipa maelfu ya dola ili wazuiwe kukimbia, na wanaojifanya wana mbio ndio mara nyingi wanaoteremshwa wakitapika. Sisi tunaoishi chini ya mlima huo huo tunalipa elfu arobaini ili tukimbizwe juu ya duka la nondo.

Februari watu tulikuwa tisa, mimi nikiwa nimerudi kwa ajili ya ada yangu na si kwa ajili ya kiuno. Nilisimama karibu na mlango nikaruka kila bapi ya tatu. Machi walibaki wanne, mmoja wao akiwa kocha. Mama wa mtori naye aliacha, akisema hana sababu ya kulipia uchovu wakati anaupata bure. Sasa mimi na mke wangu hutembea jioni hadi Rau na kurudi, tukiongea, hasa yeye, na suruali imeanza kufunga tena ingawa kifungo nimekishona kwa uzi wa viatu kwa tahadhari.

Iliyobaki ni wiki mbili za ada ambayo kocha amekataa kuirudisha, akisema naweza tu kumrithisha mtu mwingine. Jumamosi shemeji alishuka mlimani, nikampa ile karatasi. Aliisoma kwa makini, akaigeuza nyuma, akanitazama.

“Asante sana, shemeji,” akasema, “lakini nikifika huko Tabata, nauli ya kurudi ananipa nani?”